Hapa ni Kwenu

Hensley Fork, Kentucky
3 Septemba 2024

Dada Glenna,

Nimefika. Gari lilianza kutoa moshi nje ya Cincinnati, nikalipumzisha saa nzima, likaona haya, likaendelea. Marlena hakulia tulipoagana hapo chuoni kwako. Mimi ndiye niliyejifanya natafuta funguo.

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumbani tuliikata, na hii ya mkononi haishiki mpaka upande makaburini. Kupanda kule kupiga soga na watu walio hai naona ni kuwakosea adabu waliolala.

Nina mambo mawili. La kwanza, mtoto nimekuachia wewe. Wewe ni shangazi yake, tena ndiye mkubwa wa wanaoshughulikia wanafunzi hapo chuoni. Cheo chako sijawahi kukikariri. Mama huwaambia watu kanisani kwamba kazi yako ni kuhakikisha watoto wa watu hawajisikii wageni. Wakimuuliza kama hiyo nayo ni kazi ya kusomea, anawajibu umesomea miaka tisa.

La pili ni huyo Mama. Niliporudi nilimkuta kwenye sakafu ya jikoni, jirani amemwekea mto kichwani. Daktari anasema ni kiharusi kidogo. Mkono wa kushoto umelegea na maneno mengine yanampotea. Jana aliomba "ile ya kufungulia mlango" na alikuwa anataka kijiko.

Marlena asijue. Unajua Mama ndiye aliyemlea tangu mama yake aondoke. Akisikia tu, yuko ndani ya basi la kwanza, na chuo basi. Tangu uondoke wewe, hakuna mwingine wa kwetu aliyefika huko. Mfiche mpaka amalize mitihani ya Desemba. Nakuomba.

Ndugu yako,
Darrell

*

Chuo cha Tolliver, Ohio
14 Septemba 2024

Mpendwa Darrell,

Habari ya Mama imenikalia kifuani tangu juzi. Nitakuja mwisho wa Oktoba, baada ya mkutano wa wadhamini wa chuo. Kabla ya hapo siwezi kutoka. Nimekubali ombi lako. Marlena hatajua.

Kuhusu mtoto, lala usingizi. Yumo katika kundi langu la vijana wa milimani, wale niliowaombea nafasi kwa Mkuu wa Chuo kwa miaka minne mpaka akachoka kunikatalia. Mwaka huu wako thelathini na mmoja. Niliwaahidi wadhamini kwamba tarehe mosi Novemba, siku ya kuhesabu wanafunzi, wote thelathini na mmoja watakuwepo. Walicheka, maana katika vijana wa aina yetu huwa mmoja kati ya watatu anarudi kwao kabla ya theluji. Safari hii hawatacheka.

Marlena ana afya na ana mwenzake wa chumbani mwenye adabu. Mpigapicha wetu alimkuta amekaa kwenye ngazi za maktaba anacheka, na picha hiyo imependwa na kila aliyeiona. Pengine tutaitumia.

Nibusie Mama.

Dada yako,
Glenna

*

Bweni la Mashariki, chumba 212
30 Septemba 2024

Shangazi,

Naipitisha barua hii chini ya mlango wa ofisi yako. Katibu wako ameniambia nafasi ya karibu ya kukuona ni tarehe 19 mwezi ujao, halafu akanipa kijitabu chenye maelezo ya namna ya kutafuta msaada. Kina picha yako ukurasa wa kwanza.

Nataka kurudi nyumbani. Nalisema mwanzo ili usisome barua nzima ukingoja nitalisema wapi.

Hakuna aliyenitendea vibaya. Ndiyo tabu yenyewe, kwa sababu ningekuwa na mtu wa kumkasirikia ningelala vizuri. Hapa kila mtu ananiuliza kama najisikia niko nyumbani. Nyumbani hakuna anayeniuliza. Mwalimu wa fasihi aliniomba nisome darasani "kwa lafudhi yangu ya asili." Nikasoma. Wenzangu wakapiga makofi, Shangazi, kama vile mbuzi amesimama kwa miguu miwili.

Na ile picha. Sikujua wataitundika nje ya bwalo la chakula, kubwa kuliko gari la Baba, na maneno HAPA NI KWENU chini ya kidevu changu. Siku ile nilikuwa nacheka kwa sababu njiwa alikuwa amemnyea mpigapicha. Sasa siwezi kwenda kula bila kupita chini ya meno yangu mwenyewe. Nimeacha kwenda. Nakula mikate mikavu chumbani.

Jambo moja zuri lipo, nalo ndilo linalonifanya niondoke. Nyuma ya chuo, ng'ambo ya reli, kuna nyumba ya wazee. Naenda kule kuwalisha na kuwachana nywele. Mwanzo nilikwenda mara moja kwa wiki, siku hizi kila siku, hata saa za masomo. Nimejua ninachotaka. Chuo cha uuguzi kule kwetu kinapokea wanafunzi Januari, na Tolliver haina uuguzi.

Usimwambie Baba kwanza. Nitamwambia mwenyewe fomu ya kuacha chuo ikishatiwa sahihi. Alilia siku ile kwenye maegesho ya magari, akidhani simwoni.

Marlena

*

Ofisi ya Makamu wa Mkuu wa Chuo
4 Oktoba 2024

Marlena, mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Ngoja nikusimulie jambo ambalo nimelisimulia katika majimbo kumi na mawili, ila wewe una haki nalo kuliko wote.

Oktoba ya mwaka 1988 nilikuwa nimekaa kwenye ngazi zilezile za maktaba, sanduku langu limefungwa kwa kamba. Nilikuwa naondoka. Mlezi wa wanafunzi wa wakati huo, Bi. Aldous, mama wa makamo aliyevaa glavu hata ndani ya nyumba, alikaa kando yangu juu ya jiwe baridi akaniuliza, "Ukiondoka wewe, kiti chako darasani atakikalia nani?" Nilirudisha sanduku chumbani. Kila nilichofanya tangu siku hiyo ni kukaa kando ya mtoto mwingine kama alivyokaa yeye kando yangu.

Kila mtu hutaka kuondoka mwezi wa Oktoba, kisha hupita. Nenda bwaloni ukale. Rudi madarasani. Wazee watakungoja.

Alhamisi Mkuu wa Chuo, Dk. Whitcomb, anawaalika wafadhili kwa chai. Vaa lile gauni la buluu uje ukae nami.

Baba yako sitamwambia.

Shangazi yako,
Glenna

*

Chumba 212
11 Oktoba 2024

Shangazi,

Nilikuja kwenye chai. Uliniona, ingawa hatukupata kuongea, maana kila nikikukaribia kuna mtu anakushika mkono. Dk. Whitcomb alinisimamisha katikati ya wale wazee wenye tai akasema, "Hebu zungumza kidogo, wasikie." Nikamuuliza nizungumze nini. Wakafurahi sana. Yeye akasema, "Mmesikia?"

Umesema kila mtu hutaka kuondoka mwezi wa Oktoba. Mimi sitaki kuondoka kwa sababu ni Oktoba.

Fomu hii hapa. Nimeijaza yote, na walimu wangu watano wametia sahihi. Mmoja alisema, "Pole, lakini nakuelewa." Kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza sahihi ya mwisho ni yako. Katibu wako amegonga muhuri wa kupokelewa mbele yangu na kunipa nakala. Mwisho ni tarehe 25. Nikitoka kabla ya hapo masomo yanafutwa na jina langu linabaki safi. Baada ya hapo ninapewa sifuri zote.

Ni mstari mmoja tu, Shangazi. Nimekuwekea alama ya penseli pa kutia.

Marlena

*

Tolliver
16 Oktoba 2024

Mpendwa Darrell,

Nimemwona Marlena wiki iliyopita kwenye chai ya Mkuu wa Chuo, amevaa gauni la buluu, wageni wamemzunguka. Amechoka kidogo kama wote wanavyochoka katikati ya muhula. Usiwe na wasiwasi.

Mama anaendeleaje? Bado nakuja mwisho wa mwezi, au siku chache baadaye. Ripoti ya wadhamini imenikaba.

Glenna

*

Hensley Fork
21 Oktoba 2024

Dada,

Mama amepata kingine usiku wa Ijumaa. Hiki si kidogo. Bado anaongea, lakini kila siku anapoteza kitu. Anachoshikilia ni Marlena. Asubuhi akiamka anauliza, "Mtoto amekula?" Namwambia yuko shule. Anasema, "Atarudi saa tisa na basi lako." Saa tisa nikirudi na basi la shule anatazama mlango nyuma yangu.

Daktari anasema huenda majina yakaondoka kabla ya Krismasi. Hajui lini.

Nimekaa kwenye usukani nikawaza nije nimchukue. Kisha nasoma barua yako, kwamba amevaa gauni, wageni wamemzunguka, nikasema, Darrell, usiwe mjinga, usimtoe mtoto mahali anapong'aa. Kwa hiyo bado usimwambie. Lakini wewe uko karibu naye na unaona kuliko mimi. Ukiona heri aje hata siku mbili, mlete. Nakuachia wewe uamue.

Darrell

*

Ofisi ya Makamu wa Mkuu wa Chuo
24 Oktoba 2024

Marlena,

Fomu yako iko mezani kwangu na sijaisahau. Nataka tuongee uso kwa uso kwanza, maana hili si jambo la kuamua kwa kalamu. Wiki hii na ijayo nimebanwa na wadhamini. Tuonane Jumamosi tarehe 2 Novemba, nyumbani kwangu, nitapika maharage na mkate wa mahindi. Kuhusu tarehe ya mwisho usijali. Hizi tarehe ni za karatasi tu, mimi naweza kuzungumza na msajili.

Nivumilie wiki moja.

Shangazi

*

Hensley Fork
3 Novemba 2024

Shangazi,

Maharage yako ulikula na nani?

Niliondoka Jumatano. Kwa kuwa nilikuwa bado nimeandikishwa, najua Ijumaa ulinihesabu. Mwenzangu wa chumbani ameniandikia kwamba mlipigiwa makofi kwa thelathini na mmoja wenu. Mimi siku hiyo nilikuwa hapa namwosha Bibi miguu.

Nilishuka kituo cha basi Lexington nikampigia Baba. Bahati yangu alikuwa mjini kwetu, simu inakoshika, na basi la shule. Nilisema, "Baba, ni mimi, niko Lexington." Akasema, "Kaa hapo hapo, usiondoke." Alikuja na lile basi la njano, Shangazi, tupu, maili tisini, na kazini walimkaripia. Hakuniuliza kitu mpaka tulipofika darajani. Hapo akasema, "Bibi yako anaumwa." Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu siku aliyoniacha chuoni. Nikamuuliza nani mwingine alijua. Akaendesha.

Wiki mbili zilizopita alikuwa ananiita kila asubuhi. Baba anasema hata Jumapili iliyopita aliniita. Nilipoingia alinitazama vizuri sana, kwa heshima, akasema, "Karibu, mama. Umetoka mbali?"

Nilikuwa nimekuletea fomu tarehe 11. Ningetia mguu humu ndani tarehe 12.

Marlena

*

Hensley Fork
20 Novemba 2024

Glenna,

Jana nilimpeleka Marlena kwenye chuo cha uuguzi. Yule mama wa usajili alikuwa mpole. Aligeuza kompyuta tuone wenyewe. Sifuri tano. Alisema, "Mzee, binti yako nampenda, lakini kwa hizi siwezi kumchukua Januari wala Januari nyingine." Marlena akasema asante. Tulipotoka nje akasema tena asante, akiwa peke yake, hata sijui alikuwa anamwambia nani.

Usiku akanionyesha ile nakala. Muhuri wa ofisi yako, tarehe 11 Oktoba. Nimeuangalia huo muhuri mpaka wino ukaanza kucheza machoni. Tarehe 16 uliniandikia amevaa gauni la buluu. Fomu ilikuwa mbele yako unaandika.

Mimi nilikuomba ufiche jambo moja. Hilo kosa langu, nitalibeba, na nimeshamwomba mtoto msamaha nikiwa nimekaa kwenye ngazi kama mtoto mwenyewe. Lakini wewe ulificha la kwangu kwake, la kwake kwangu, na la kwako kwa wote. Na ulijua Mama anamuulizia. Nilikuandikia kwa mkono wangu.

Ulitaka thelathini na mmoja. Basi umewapata. Mmoja wao yuko hapa ananyunyiza chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani kwa mkataba wa majira ya baridi.

Usije Krismasi.

Darrell

*

Tolliver
2 Desemba 2024

Darrell,

Sina utetezi. Nitakuambia ilivyokuwa, si kwa kujitetea.

Fomu ilikaa mezani siku kumi na nne. Kila asubuhi niliisogeza ili niweke kikombe. Sikuwahi kusema moyoni kwamba sitaitia sahihi. Nilisema nitaitia baada ya mkutano. Niliamini kweli kwamba ningezungumza na msajili. Nilipozungumza naye Jumatatu baada ya siku ya kuhesabu, alinitazama kama mtu anayemtazama mwizi wa jirani yake, akasema sheria ya tarehe niliitunga mimi, mwaka 2016, ili watu wasiondoke kwa pupa. Nilikuwa nimesahau.

Kuna jingine. Ile hadithi ya Bi. Aldous na ngazi za maktaba, unaijua, Mama ameikata gazetini akaiweka kwenye Biblia. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nimekaa pale na sanduku kweli. Bi. Aldous alipita. Alisema, "Sogeza hicho, watu wanapita." Kisha akaenda.

Nilikaa kwa sababu nilikuwa nimepiga simu nyumbani. Ulipokea wewe. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ukasema, "Glenna, paka amezaa." Nikakuambia nipe Baba. Nikamwambia aje anichukue. Nikasikia unawahesabu watoto wa paka nyuma yake, kisha akasema, "Hatuna nafasi ya mtu anayerudi," akakata. Sikuwa na pa kwenda, Darrell. Ndiyo siri yote ya kukaa kwangu. Miaka thelathini na sita nimewafundisha watu namna ya kuwafanya watoto wakae, na mimi mwenyewe nilikaa kwa kufungiwa mlango wa upande wa pili. Nikaupamba huo mlango, nikautengenezea ofisi.

Marlena alipopiga simu kutoka Lexington ulikwenda na basi la serikali. Nimeisoma sehemu hiyo ya barua yake mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia.

Leo nimempelekea msajili maelezo yaliyotiwa sahihi, kwamba fomu ilifika tarehe 11, kwamba niliizuia kwa makusudi mpaka siku ya kuhesabu ipite, na kwamba mwanafunzi hana kosa. Nimeambatisha barua ya kuacha kazi. Nadhani kabla ya Krismasi nitakuwa sina kazi na Marlena atakuwa hana sifuri. Nimeanza kufunga vitabu.

Sitakuja kama hutaki. Nitakuwa tu njiani, mahali fulani.

Glenna

*

Tolliver
19 Desemba 2024

Darrell,

Isome hii peke yako, halafu itie jikoni kwenye moto. Nimetia sahihi karatasi inayosema sitamwambia mtu. Ila wewe nimekudanganya vya kutosha.

Dk. Whitcomb aliniita Jumanne. Mwanasheria wa chuo alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha kawaida. Maelezo yangu yalikuwa mezani, na barua yangu ya kuacha kazi juu yake.

"Glenna, umechoka," akasema. "Kila mtu hapa anajua umechoka."

Nikamwambia sijachoka, nimefanya kosa na nimeliandika.

"Ukiliandika hivi, wakaguzi watauliza namba zote za wanafunzi wetu za miaka minane. Zote. Na yule mama mfadhili wa mpango wa milimani ametoa fedha kwa jina lako, si kwa jina letu. Ukiondoka atauliza kwa nini. Vijana thelathini waliobaki utawalipia wewe?"

Mwanasheria akasogeza karatasi mbili. Ya kwanza ni ya msajili: fomu ya Marlena itahesabiwa kuwa ilitiwa sahihi tarehe 11 Oktoba, masomo matano yafutwe, barua safi iende chuo cha uuguzi wiki hiyo hiyo. Ya pili ni yangu: maelezo yangu nayaondoa, barua ya kuacha kazi naiondoa, nabaki katika cheo changu mpaka Juni 2027, nitapokea tuzo ya mwaka kwa kazi ya kuwafanya wanafunzi wajisikie nyumbani, Chicago, mwezi wa pili, na sitazungumza juu ya jambo hili na mwanafunzi huyo wala na mtu yeyote.

Nikauliza kama naweza kutia sahihi ya kwanza peke yake.

"Zinakwenda pamoja," akasema Dk. Whitcomb. Hakusema kwa ubaya. Alinimiminia maji.

Nimetia zote mbili. Walinipa kalamu ya chuo. Miaka miwili na nusu, Darrell. Nimefungua tena yale maboksi ya vitabu.

Marlena asijue. Atapata barua ya msajili, na atadhani mtu fulani aligundua kosa. Akidhani mimi nimeponyoka bila kuguswa, mwache adhani. Akijua tu atakwenda kusema, unamjua, na barua yake itarudi kuwa sifuri.

Mlishe Mama polepole. Mwambie mtoto amekula.

Glenna

*

Hensley Fork
2 Januari 2025

Dada,

Imeungua.

Barua ya msajili imefika mkesha wa mwaka mpya. Marlena aliisoma amesimama, akaisoma amekaa, akatoka nje akazunguka nyumba. Masomo yanaanza tarehe 13.

Kitanda cha chumba cha nyuma nimekitengeneza mguu. Sisemi zaidi ya hapo kwa sasa. Lakini kimesimama.

Darrell

*

Hensley Fork
25 Februari 2025

Shangazi,

Baba kasema nikuandikie kukushukuru. Nikamuuliza kwa lipi. Akasema, "Andika tu." Kwa hiyo, asante.

Nimeona gazetini picha yako na ile tuzo ya kioo. Hongera. Umekonda. Nilimsomea Baba maneno uliyosema pale jukwaani, na kwa mara ya kwanza hukusimulia habari ya ngazi za maktaba. Ulisema asante ukashuka. Mwandishi ameandika kwamba watu walishangaa. Baba akasema, "Hakai kule kwa kupenda." Nikamwambia watu wanaopewa tuzo za kioo hawakai mahali kwa kulazimishwa. Akaenda kupasua kuni, na zilizopo zinatosha mpaka Mei.

Darasani tuko kumi na wanane. Mwalimu wa mifupa ana umri wa Bibi na anatuita wote "wewe." Sijaulizwa hata mara moja najisikiaje. Juzi nilitafuta mshipa wa mgonjwa kwa mara ya kwanza, nikaupata, yule mzee akasema, "Una mikono baridi, lakini ni mizuri."

Sijakusamehe. Nakuambia kwa sababu sitaki uisome hii ukadhani nimekusamehe. Nikikumbuka siku kumi na nne, bado napata joto masikioni. Pengine litaisha. Sijui.

Ila kuna jambo la Jumanne ambalo Baba hakuliona, alikuwa kazini. Nilikuwa namchana Bibi nywele dirishani. Mimi bado hanijui. Siku nyingine mimi ni muuguzi, siku nyingine ni mke wa mchungaji. Siku hiyo alinishika mkono, akanitazama muda mrefu, akasema, "Glenna. Umerudi."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Akasema, "Baba yako alikasirika bure. Nilimwambia akakuchukue. Nilimwambia usiku kucha." Kisha akauliza kama umekula. Nikasema bado. Akanisukumia bakuli lake, akakataa kugusa kijiko mpaka nilipomaliza lote.

Nimeona nikuandikie. Nilikula kwa niaba yako. Ulikuwa uji wa mahindi na siagi.

Marlena